Kuwa Pamoja Naye Kabla ya Kutumwa

Katika kazi yangu ya kuwalea wanafunzi wa Kristo, lalamiko ninalolisikia zaidi ni kwamba muda wa kuwa na Bwana haupatikani, na mara nyingi anayelalamika ni mtu anayetumika kanisani karibu kila siku ya juma. Mimi humrejesha kwenye Marko 3:14, ambapo Yesu anawaweka wale kumi na wawili ili kwanza wawe pamoja naye, ndipo awatume kuhubiri. Wengi wetu tumeanzia kwenye kutumwa.

Sura ya kwanza ya injili hiyohiyo yaonyesha muda huo unavyotengwa. Jua lilipokwisha kutua, mji mzima ulikusanyika mlangoni, na wengi wakaponywa. Hata hivyo alfajiri, giza likingalipo, Yesu alitoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake walipompata walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, naye akawajibu kwamba waende miji mingine. Kwangu mimi uzito wa habari hii uko hapo: aliyetoka katika maombi aliweza kuacha jambo jema lililomngoja mlangoni, kwa kuwa alijua alichojia.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliyahesabu maandalizi ya mahubiri kuwa ndiyo ibada yangu binafsi. Asubuhi moja nilifungua Zaburi ya 51, nikakuta pambizoni nimeandika kwa penseli hoja tatu za kuwafundishia wengine toba, wala hapakuwa na neno hata moja la toba yangu.

Tangu hapo nasoma kidogo, tena kwa sauti ya chini. Kitenzi cha Kiebrania kilichofasiriwa kuwa kutafakari katika Zaburi 1:2, hagah, kina maana ya kunong'ona, na ndicho kinachotumika kwa mngurumo wa simba katika Isaya 31:4.

Alfajiri si sheria. Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Anayeanza namshauri atenge dakika 15, saa ileile, mahali palepale, simu ikiwa chumba kingine, na aangalie saa anayolala, maana ibada nyingi za asubuhi huharibikia usiku. Akikosa siku moja, asijilipize dakika 30 kesho yake, bali arudie zilezile 15.