Je, wajua kwa nini wengine wakiamka toka theata ya upasuaji koo lawauma?

Mamangu mdogo alitolewa mawe ya nyongo hapa Mombasa, kuamka tu alalamika koo, si tumbo. Sisi twacheka, tumbo ndilo limetobolewa, koo lauma nini? Jirani yetu wa Kisauni naye aliungwa mfupa wa mkono, akalazwa usingizi vilevile, asubuhi yake ashashika chai na mahamri kama hakutiwa kitu mdomoni. Na alitiwa.

Iko hivi. Ukipigwa dawa ya usingizi ile kamili misuli yalegea, ulimi warudi nyuma waziba njia ya hewa, kwa hivyo lazima njia ishikiliwe wazi. Zamani ilikuwa ama maski ya usoni, ambayo daktari wa usingizi yuwaishika kwa mkono mpaka vidole vyafa ganzi, ama mpira unaopita katikati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya bomba la hewa. Huo mpira ndio mara nyingi unaokwaruza.

Sasa mwaka 1981 huko London daktari mmoja Mwingereza, Archie Brain (ndiyo, jina lake ni hilo), akatazama maski ya pua ya kumlazia usingizi mtu wa kung'olewa meno akaona umbo lake laweza kukaa juu ya koromeo lenyewe, kama kifuniko, bila kuingia ndani. 1983 akaiandika kwenye jarida la madaktari. Ndiyo LMA hiyo, yaani maski ya koo, na ndiyo aliyotiwa jirani yetu: kijidau kidogo chenye mrija, chaingizwa mdomoni kwa kupapasa tu, halafu ukingo wake wajazwa upepo kama tyubu ya baiskeli. Ukijazwa kupita kiasi koo lauma vilevile, hapo usilaumu kifaa, laumu aliyekipampu.

Shida ya ile ya kwanza ni tumbo, chakula kikipanda hakina pa kutokea, chaweza kuingia mapafuni, na hilo si jambo la mchezo. Ndipo ikaja aina mpya, ProSeal, mwaka 2000, ina mrija wa pili wa kutolea vya tumboni na yabana vizuri zaidi, kisha i-gel ambayo haijazwi upepo kabisa, ukingo wake ni laini kama jeli wajikalia wenyewe. Mimi nikiulizwa nachagua i-gel, haraka na haina mambo mengi, ila saizi ni kwa kilo zako, kwa hivyo usidanganye ukipimwa.

Lakini hata hizo mpya hazizibi kama mpira. Mama mjamzito wa kupasuliwa, mtu wa ajali aliyetoka kula, hao wakilazwa usingizi kamili ni mpira. Na mamangu mdogo alijazwa gesi tumboni ili kamera ione, yale mambo yasukuma tumbo juu, ndio wakamtia mpira. Ile ya kukwambia usile kwa muda wa saa sita kabla ya kulazwa usingizi sababu yake ni hiyo hiyo, na ukila viazi karai alfajiri ukanyamaza, daktari atakutia kijidau akijua tumbo li tupu.