Kioo na dirisha: maana yake katika vitabu vya picha vya watoto

"Nipe rangi ya ngozi." Ukikaa na watoto wanaochora, maneno haya hutayakosa. Siku moja mpwa wangu wa miaka sita alikuwa anachora familia, krayoni zimemwagwa mkekani. Aliponiomba rangi ya ngozi nikampa ya kahawia. Akaitazama, akairudisha. "Siyo hiyo." Akachukua mwenyewe ile ya waridi iliyopauka, akampaka mama yake, akampaka babu, akanipaka na mimi. Ukoo mzima wa watu weusi, karatasini tukatoka kama tumemenywa.

Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kwamba hiyo ndiyo ngozi. Lakini nilipofungua vitabu vyake vya hadithi niliona alikoitoa: karibu kila mtoto aliyechorwa mle alikuwa na rangi hiyohiyo. Wala si yeye peke yake. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliiuza krayoni ya namna ile kwa jina lenye maana ya ngozi ya mtu hadi 1962, ndipo ikaiita pichi, yaani tunda.

Kuna dhana inayoeleza kilichompata mpwa wangu: kioo na dirisha. Aliyeipa umbo ni Rudine Sims Bishop, Mmarekani mweusi aliyekuwa profesa katika chuo kikuu cha Ohio State, kwa insha fupi aliyoitoa 1990. Alisema kitabu wakati mwingine ni dirisha: mtoto anachungulia maisha ya watu wengine, ya kweli au ya kubuni. Wakati mwingine ni kioo: anajiona mwenyewe, nyumba yao, nywele zake, bibi yake. Akaongeza mlango wa kioo, ule wa kusukuma pembeni, ambao msomaji anaupita kwa mawazo na kuingia ndani ya ule ulimwengu.

Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo Bishop hakuwa nayo. Kwetu kioo ni kile cha kujitazamia, na kioo ni kile cha dirishani pia, neno moja. Yeye ilibidi aeleze kwamba mwanga ukikaa sawa, dirisha hugeuka likamwonyesha mtu sura yake. Aliyewahi kukaa dirishani kwenye basi la usiku hahitaji kuelezwa: nje kukiwa giza na taa za ndani zikiwaka, unatafuta barabara unaona uso wako.

Suala la haki linaingia wapi? Mtoto asiyepata kioo hata kimoja hujifunza kwamba hadithi ni za watu wengine. Upande huo wengi wanaukumbuka. Upande wa pili unasahauliwa, na Bishop aliusema waziwazi: mtoto aliyezungukwa na vioo vitupu naye anaharibiwa, kwa kuwa anakua akijiona ndiye kipimo cha binadamu wote. Kwa hiyo dhana hii si ya kumhurumia mtoto mweusi tu. Inamhusu kila mtoto na rafu yake ya vitabu.

Bishop hakuanzia hewani. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwanamke mzungu aliyebobea katika ufundishaji wa kusoma, alichapisha makala ambayo bado inatajwa. Aliianza na swali la msichana mweusi wa miaka mitano, katika shule ya awali jijini New York, aliyekuwa anafunua kitabu cha picha: kwa nini siku zote ni watoto wazungu? Larrick akahesabu. Katika vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa kwa miaka mitatu, 1962 hadi 1964, alipata 349 tu vyenye mtu mweusi hata mmoja, ama kwenye maneno ama kwenye picha. Hiyo ni asilimia 6.7, na vingi vya hivyo vilizungumzia nchi za nje au zamani. Vilivyosimulia maisha ya Wamarekani weusi wa siku zile havikufika hata asilimia moja. Miaka ishirini baadaye, 1985, kituo cha vitabu vya watoto katika chuo kikuu cha Wisconsin-Madison kilianza hesabu yake: kati ya vitabu kama 2,500 vya mwaka ule, vilivyotungwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18.

Wenye kutaka weusi na weupe watenganishwe walikuwa wameshaelewa nguvu ya picha, pengine kuliko walimu. Garth Williams alitoa mwaka 1958 kitabu cha sungura wawili, mmoja mweupe mmoja mweusi, wanaooana msituni. Mwaka uliofuata seneta mmoja wa jimbo la Alabama akataka kichomwe moto, eti kinawafundisha watoto ndoa za weusi na weupe. Emily Reed, aliyekuwa mkuu wa huduma ya maktaba za jimbo, hakukubali kukiteketeza; kikaishia kwenye rafu ya akiba, hakitolewi mpaka maktaba nyingine ikiagize. Williams alijibu kwamba hakuwa na habari kuwa wanyama wenye manyoya meupe ni ndugu wa damu wa watu weupe.

Sasa, si kila kitabu chenye mtoto mweusi ni kioo. Hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mwaka 1982, kabla ya ile insha, Bishop alitoa utafiti wa vitabu 150 vya hadithi za watoto weusi wa Marekani vilivyochapishwa kati ya 1965 na 1979, akavigawa mafungu matatu. La kwanza ni vitabu vya kuamsha dhamiri. Hivi kwa kweli vinamsemesha msomaji mzungu: mtoto mweusi anahamia shule ya wazungu, anaonewa, mzungu mmoja mwema anamtetea, kitabu kinaisha. Mweusi yumo ila hadithi si yake. Yeye ni mtihani wa utu wa wengine. Fungu la pili ni la chungu cha kuyeyushia, ambamo watoto wote ni sawa kabisa na weusi wa mtu unaujua kwa picha tu. La tatu ni vitabu vinavyojua utamaduni wa wanaowasimulia: namna ya kusema, nafasi ya wazee, nyimbo, chakula, majina ya utani, dunia yote ikionekana kutoka ndani ya nyumba ile.

Ukiingia duka la vitabu leo ukaomba cha kumfundisha mtoto ubaguzi wa rangi, mara nyingi utapewa cha mateso: utumwa, jela, maandamano, mbwa wa polisi. Vinahitajika, sivikatai. Lakini rafu yenye hivyo tu inamwambia mtoto mweusi kwamba sifa yake ni kuumizwa, na inamwambia mzungu kwamba weusi ni watu wa kuonewa huruma. Siku ya kuzaliwa haipo. Kuibiana sukari jikoni hakupo.

Chukua habari ya Ruby Bridges, ambayo imesimuliwa katika vitabu vya picha zaidi ya kimoja. Tarehe 14 Novemba 1960, akiwa na miaka sita, aliingia shule ya msingi ya wazungu ya William Frantz mjini New Orleans, akilindwa na maafisa wanne wa serikali kuu huku umati ukimzomea. Wazazi wazungu wakawaondoa watoto wao. Mwaka mzima alisoma peke yake darasani na mwalimu mmoja, Barbara Henry, aliyetoka Boston. Ukiisoma kwa haraka, ni hadithi ya msichana jasiri, basi. Mtoto anafunga kitabu akidhani ubaguzi ni watu wabaya wanaopiga kelele barabarani, na dawa yake ni ushujaa wa mtoto mdogo.

Mtu mzima anayemsomea mtoto ndiye anayeivuta hadithi mpaka kwenye haki. Maafisa walitumwa na nani, na kwa amri gani? Kulikuwa na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1954, iliyokataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi, kwa nini shule ile ilikaa miaka sita bila kuitii? Nani alilipa gharama? Baba yake Ruby alifukuzwa kazi. Babu na bibi yake, waliokuwa wakilima shamba la mtu kule Mississippi, wakafukuzwa kwenye ardhi ile. Mtoto wa miaka saba anaelewa "baba alifukuzwa kazi" vizuri kuliko "mfumo wa kibaguzi". Na hapo ndipo ameshaanza kuuona mfumo wenyewe, hata kama jina lake atalijua ukubwani.

Picha nazo zina lugha yake, na watoto wasiojua kusoma huisoma kutushinda. Nani amechorwa mkubwa na nani yuko pembeni nusu mwili? Nani ana jina? Nani anaamrisha, nani anabeba? Shida ikija, anayeitatua ni nani? Sihitaji somo maalumu kwa hayo. Nafunika maandishi kwa kiganja, namwambia mtoto anisimulie picha, halafu nafunua tuone kama mwandishi anakubaliana naye.

Sisi wa huku hatupo nje ya habari hii. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe mchoraji Tom Feelings, walitoa 1971 kitabu cha picha cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, kinachoanza na mlima Kilimanjaro. Kikapata heshima ya tuzo ya Caldecott, ile ya Marekani ya vitabu vya picha vya watoto, na cha alfabeti kilichofuata 1974 kikaipata vilevile. Walikuwa wanawatengenezea watoto weusi wa Marekani kioo, wakakiunda kwa maneno yetu. Mimi nilipoviona mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, na nikacheka kidogo: mtoto wa Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, alikuwa na kitabu kizuri kama kile cha moja, mbili, tatu, na mimi shule yangu ilinipa cha Kiingereza chenye watoto wa nywele za dhahabu na tufaha.

Kitabu kinachonishangaza zaidi, hata hivyo, kiliandikwa na Myahudi mzungu wa Brooklyn, Ezra Jack Keats. The Snowy Day kilitoka 1962, mwaka uleule krayoni ya "ngozi" ilipobadilishwa jina, na mwaka uliofuata kikapata nishani ya Caldecott. Peter, mtoto mweusi aliyevaa nguo nyekundu ya baridi, anatoka kucheza kwenye theluji. Maandishi hayataji rangi yake hata mara moja. Larrick hakumpenda mama wa Peter, mnene, na gauni la njano la mirabamiraba. Alimwona bado ana kivuli cha yule yaya mweusi wa kizamani wa nyumba za wazungu. Bishop alikiweka katika chungu cha kuyeyushia. Wote wawili nawaelewa. Lakini ukurasa wa nyayo zake kwenye theluji, mara vidole vimeelekea nje, mara vimeelekea ndani, kwa mpwa wangu ulikuwa dirisha na kioo papo hapo: theluji hajawahi kuigusa, na kichwa kile ni chake.

Peter anatia donge la theluji mfukoni, alitunze la kesho. Anaoga. Kabla ya kulala anachungulia mfuko, mtupu. Nilisubiri mpwa wangu aseme lolote kuhusu ngozi, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Akauvuta ukurasa karibu na pua.

"Kwani mama yake hakumwambia kwamba inayeyuka?"