Shujaa wa ugenini hamsahaulishi mtoto kwao

Wazazi wengi hapa Mombasa huamini kwamba kitabu cha picha kuhusu shujaa wa nchi nyingine humsahaulisha mtoto kwao. Sivyo. Mtoto hulinganisha.

Juzi barazani, Mji wa Kale, mjukuu wangu alikuwa akitazama picha ya Ruby Bridges: mwaka 1960, New Orleans, Marekani, mtoto wa miaka 6 anasindikizwa na maafisa wa serikali kuingia shule iliyokuwa ya wazungu pekee. Akaweka kidole juu ya mkoba wa yule binti, akanyamaza. Kisha akauliza, "Bibi, na kwetu je?"

Swali hilo ndilo lililomleta Mekatilili wa Menza, shujaa wa kike wa Wagiriama wa pwani ya Kenya. Nikamweleza jinsi mwaka 1913 alivyowakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, wakala kiapo cha kutoshirikiana na Waingereza. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, mbali kabisa na pwani hii, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Kwa miguu, jamani! Kutoka Kisii hadi Giriama!

Mjukuu akakimbilia penseli zake za rangi. Akamchora Mekatilili njiani, amevaa hando, sketi ya asili ya wanawake wa Kigiriama, na kando yake, mkononi amemshika, yule binti mwenye mkoba.