Je, wajua kwa nini Waprotestanti wa Uingereza walikatazwa kufunga mlango wakisali?

Mwaka 1689 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uvumilivu. Wabaptisti, Wapresbiteri, Wakweka na Waprotestanti wengine waliojitenga na Kanisa la Anglikana wakapata ruhusa ya kuabudu kwa namna yao. Ila waliwekewa sharti: ibada ikiendelea, mlango usitiwe kufuli, komeo wala kizuizi kingine. Ukifungwa, wote waliomo ndani wanapoteza kinga ya sheria hiyo.

Kilichoogopwa hakikuwa sala, bali njama. Januari 1661, Charles II akiwa hajamaliza hata mwaka tangu arudi nchini kutawala, fundi mapipa aitwaye Thomas Venner alitoka na watu wake wapatao 50 kwenye nyumba yao ya ibada karibu na Coleman Street, London. Walibeba silaha, wakitangaza kwamba mfalme ni Yesu peke yake. Damu ilimwagika mitaani kwa siku kadhaa, na Venner akauawa hadharani.

Kuanzia hapo, waliokutana kusali nje ya kanisa rasmi walitazamwa kama waasi watarajiwa. Sheria ya 1664 ilisema waziwazi kwamba watu hao hutumia ibada kupanga uasi, ikapiga marufuku mkutano wa ibada wa watu watano au zaidi mbali na wenye nyumba. Ile ya 1670 ilikuwa na hila zaidi: mhubiri alitozwa pauni 20, na theluthi ya faini ikaenda kwa aliyemchongea. Jirani akishalipwa kwa kukuchongea, nani asingefunga mlango?

Wakweka hawakufunga. Hawa ndio Marafiki, ambao leo wana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Walikutana mchana kweupe wakisubiri kukamatwa. Mwaka huohuo wa 1670 walikuta nyumba yao ya ibada imezingirwa na askari, basi mmoja wao, William Penn, akahubiri barabarani, Gracechurch Street. Alishtakiwa, lakini baraza la wazee wa mahakama likakataa kumtia hatiani, ingawa hakimu aliwafungia usiku kucha bila chakula.

Kwa hiyo sheria ya 1689 ilikuwa mapatano. Jengo liandikishwe kwa askofu, kwa shemasi mkuu au mbele ya mahakimu wa wilaya, kwa ada isiyozidi peni sita. Hata ghala la nafaka lilifaa. Mlango ukiwa wazi, konstebo angeweza kuingia na kusikiliza. Nayo serikali iliahidi kumwadhibu atakayevuruga ibada hiyo, na kwa maoni yangu waumini hawakupunjwa.

Wakatoliki na waliokana Utatu waliachwa nje kabisa. Wakatoliki walisubiri hadi 1791, wakapewa sharti lilelile la mlango, na juu yake kanisa lao lisiwe na mnara na kengele.

Mwaka 1812 zile sheria za faini zilifutwa. Katazo la kufunga mlango likabaki, ila sasa mzigo ukamwangukia mhubiri: faini ya pauni 2 hadi 20. Tangu 1855 kazi ya kuandikisha nyumba za ibada iko kwa Msajili Mkuu. Ni hiari, na makanisa mengi huko hujiandikisha ili yaweze kufungisha ndoa.