Silikanti wa Tanga si mgeni aliyepotea njia

Mwaka 2003 samaki aitwaye silikanti (coelacanth) alinaswa upande wa Kilwa. Mwaka uliofuata wakaanza kuonekana Tanga, tena si mmoja wala wawili. Majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina yaliwaibua: samaki wakubwa wenye mapezi manene kama vigasha, nyama ya mafuta isiyo na mnunuzi sokoni. Tangu hapo yamesemwa mengi, na mengine yanasemwa na watu wanaomtakia heri samaki huyu.

"Hawa ni wa Komoro, wameletwa na mkondo."

Dhana hii haikuzaliwa kijiweni. Wataalamu wenyewe waliishikilia kwa miaka mingi, na walikuwa na sababu. Silikanti wa kwanza kujulikana kwa sayansi alivuliwa Afrika Kusini, karibu na mji wa East London, Desemba 1938. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua kitambo kwa jina la gombessa, na waliofuata karibu wote walitoka visiwani humo. Basi kila aliyeokotwa pwani ya bara akahesabiwa kuwa mpotevu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikwenda kuuliza vinasaba. Ilisomwa DNA yote ya mitokondria (vijumba vya nishati ndani ya seli) ya silikanti 21 wa Tanzania na wawili wa Komoro, kisha ikalinganishwa na taarifa za wengine zilizokwisha kuchapishwa. Samaki wa kaskazini mwa Tanzania walionekana ni kundi lao peke yao. Lakini kilichonishangaza mimi ni upande wa pili wa matokeo: wale wa kusini mwa Tanzania hawakuwa na tofauti ya maana na wa Komoro. Kwa hiyo mpaka haupiti kati ya bara na visiwa. Unapita ndani ya pwani yetu wenyewe. Na ni mpaka wa kale, kwani watafiti walikadiria kwamba ukoo wa kaskazini ulitengana na ule wa kusini na Komoro si chini ya miaka 200,000 iliyopita.

Tahadhari moja: mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Hayo ni masimulizi ya kuukeni, na ya kuumeni huhitaji vipimo vingine.

"Bahari haina ukuta, watachanganyika wenyewe."

Kwa samaki wengi neno hili lina ukweli, maana mayai na viluwiluwi vyao huelea na kusafiri mbali. Silikanti hatagi. Mayai yake, makubwa kama chungwa, huanguliwa tumboni, naye huzaa watoto waliokamilika. Utafiti wa mwaka 2021 uliosoma magamba ulikadiria kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano, na jike huchelewa kupevuka hadi anapokaribia umri wa miaka 60. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba. Kiumbe wa namna hii hatawanyiki ovyo. Tena mkondo wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini, na watafiti wanaona huenda ndio unaowazuia wa Tanga kushuka kusini.

"Wakiisha Tanga, wa kusini watajaza nafasi."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inaonekana ina hesabu nzuri. Tuseme kweli mkondo ukapandisha wachache kutoka kusini, wakakaa kwenye mapango ya Tanga. Watakuwa ni silikanti, ndiyo, lakini wenye vinasaba vya kusini. Ukoo wa Tanga haukupeleka mbegu yake kusini, kwa hiyo hakuna ghala la kuurudisha. Ndiyo maana makundi mawili hayapaswi kuwekwa kwenye daftari moja: idadi nzuri ya Komoro haiwezi kufidia vifo vya Kigombe, kijiji cha Tanga. Na kwa mzazi anayesubiri miongo kadhaa kabla ya kuzaa mara ya kwanza, jike mmoja aliyekufa kwenye jarife ni hasara ya muda mrefu.

"Wananaswa wengi, basi wako wengi."

Samaki waliovuliwa hueleza kwanza habari za nyavu: zimetegwa wapi, kina gani. Zikishushwa kwenye makazi yao, zitawapata hata wakiwa wachache.

"Ni kisukuku hai, vinasaba vyake havijabadilika."

Jenomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2013. Jeni zake zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, lakini hubadilika. Vinasaba vyake visingebadilika kabisa, tusingeweza kumtofautisha wa Tanga na wa Komoro.

"Hifadhi ilianzishwa kwa sababu ya DNA."

Hapana. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009, miaka miwili kabla ya matokeo hayo. Walioitetea waliongozwa na mizoga iliyokuwa ikifika ufukweni. Vinasaba vilikuja baadaye kuonyesha kwamba kilichomo ni cha pekee.

"Wanasayansi huwaua ili wawapime."

Kipande kidogo cha nyama kinatosha. Wale 21 walikuwa wamekwisha kufa kwenye nyavu zilizotegwa kwa ajili ya papa, na bila mvuvi aliyeamua kumpeleka samaki asiyelika kwa wataalamu badala ya kumtupa, tungekuwa bado tunawaita wapotevu.