Je, wajua kwa nini kompyuta moja huitikia anwani nyingi kwenye waya mmoja?

Kuta za nyumba za kale za Mkomani, kisiwani Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tena nene. Wi-Fi iliyowashwa ndani ikifika uani imeshachoka. Ndiyo maana mwenye nyumba ya wageni huku haachi kununua vifaa: ruta kwenye kidaka, swichi ya kuunganishia nyaya za mtandao chini ya ngazi, kamera mbili mlangoni, na juu ya paa antena inayotazamana na mwenzake ng'ambo ya mkondo, upande wa Manda.

Kila kifaa kati ya hivyo huja na anwani yake ya IP, yaani nambari inayokitambulisha kwenye mtandao, iliyowekwa na mtengenezaji, na watengenezaji hawakukaa kikao kimoja. Antena nyingi za Ubiquiti hutoka kwenye boksi zikiwa na 192.168.1.20. Ruta za MikroTik huja na 192.168.88.1. Visanduku vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1. Sasa fundi anachomeka antena mpya kwenye swichi ileile iliyounganishwa na kompyuta, taa zinawaka, anaandika 192.168.1.20 kwenye kivinjari ili aipangie mambo yake, na ukurasa unazunguka tu. Waya ni mzima. Antena ni nzima. Kompyuta nayo imo kwenye intaneti, inafungua kila kitu isipokuwa kifaa kilicho mita tano kutoka ilipo.

Dawa yake ni kuipa kompyuta anwani ya pili bila kuondoa ile ya kwanza. Wengi hudhani hilo haliwezekani, kwamba kadi moja ya mtandao ni anwani moja, basi. Kumbe liliruhusiwa tangu mwanzo. Waraka uliotangaza kanuni za IP tunazozitumia mpaka leo, RFC 791 wa Septemba 1981, ulioandaliwa chini ya uhariri wa Jon Postel, unasema wazi kwamba mashine moja lazima iweze kujifanya kama mashine kadhaa kwa kutumia anwani kadhaa tofauti.

Ili kuona kwa nini, tenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kadi ya mtandao ina anwani ya MAC, nambari ndefu ya biti 48 anayoiweka mtengenezaji. (Simu za siku hizi huibadilisha zikiingia Wi-Fi mpya, lakini hilo ni suala la faragha, tuliache.) Anwani ya IP haiko kwenye kadi kabisa. Ni orodha iliyomo ndani ya mfumo endeshi, na orodha haijali ina mstari mmoja au kumi.

Vipi basi wengine wanaipata mashine yenye anwani tatu? Kwa kuulizana. Kanuni iitwayo ARP, iliyoandikwa 1982, hufanya kazi kama mwito wa mtaani: kifaa kinapaza sauti kwa wote walio kwenye waya, "Nani mwenye 192.168.1.50?", na mwenye nayo hujibu kwa kutaja MAC yake. Mtu mmoja nyumbani huitwa Baba Fatuma, madrasa huitwa Maalimu, na gatini huitwa Nahodha. Ukipaza jina lolote kati ya hayo kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, anayegeuka ni yuleyule. Kompyuta yenye anwani tatu hugeuka kwa zote tatu, na kila mara hutaja MAC ileile moja. Swichi haioni ajabu yoyote, kwa sababu swichi ya kawaida haisomi IP. Yenyewe inajua MAC tu na tundu ilikotokea.

Turudi kwenye ukurasa unaozunguka, maana hapo ndipo penye utamu. Tuseme kompyuta ina anwani 192.168.100.7 na maski ya mtandao 255.255.255.0. Maski hiyo inaiambia kompyuta: nambari tatu za kwanza, 192.168.100, ndizo mtaa wako, ya nne ni nyumba. Kabla ya kutuma chochote, kompyuta hulinganisha mtaa wake na mtaa wa anayetafutwa. 192.168.100 na 192.168.1 si mtaa mmoja. Kwa hiyo haiulizi kabisa kwenye waya kama 192.168.1.20 yupo. Inachukua pakiti, yaani kifurushi cha data, na kuikabidhi lango, yaani ruta, ikiamini ruta ndiyo inayojua ya mbali. Ruta nayo haina habari ya mtaa wa 192.168.1, hivyo inaisukuma kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Huko pakiti inakufa. Anwani zinazoanza na 192.168, pamoja na zile za 10 na za 172.16 mpaka 172.31, zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na waraka wa 1996 uitwao RFC 1918 ndio unaofuatwa hadi leo. Hazina njia kwenye intaneti ya nje. Pakiti imetoka Lamu ikimtafuta jirani wa ukuta mmoja.

Ongeza sasa anwani ya pili, tuseme 192.168.1.50 yenye maski ileile. Mara moja mfumo endeshi unaandika njia mpya kwenye jedwali lake: mtaa wa 192.168.1 uko hapahapa kwenye waya huu, usipite langoni. Ukiandika tena 192.168.1.20, kompyuta inapaza sauti ya ARP, antena inajibu, na pakiti inakwenda moja kwa moja ikiwa na 192.168.1.50 mgongoni kama anwani ya mtumaji. Hapo kwenye anwani ya mtumaji pana siri. Wapo mafundi wanaokwepa kazi kwa kupanua maski ya kompyuta iwe 255.255.0.0, ili kila kitu kinachoanza na 192.168 kionekane ni cha mtaa wao. Pakiti itafika, ndiyo, lakini imetoka kwa 192.168.100.7, na antena yenye maski finyu itaona huyo ni mgeni wa mbali. Haina lango la kumpitishia jibu, basi inanyamaza. Mawasiliano ni lazima yaende na yarudi. Kuijua njia upande mmoja hakutoshi.

Namna ya kuiongeza inategemea mfumo ulio nao. Kwenye Linux ni mstari mmoja:

sudo ip address add 192.168.1.50/24 dev eth0

Ile /24 ndiyo 255.255.255.0 kwa ufupi: biti 24 za mwanzo ni mtaa. Jina eth0 badilisha kwa jina la kadi yako, kwani mashine za sasa huita kadi majina kama enp3s0. Andika "ip address" peke yake na utayaona. Raha ya njia hii ni kwamba anwani uliyopewa na ruta haiguswi, na ukizima mashine ile ya pili inapotea yenyewe. Kwa kazi ya nusu saa juu ya paa, hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Kwenye Mac ni karibu hivyohivyo:

sudo ifconfig en0 alias 192.168.1.50 255.255.255.0

Windows ina mzunguko kidogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye muunganisho wako, ingia Properties, chagua Internet Protocol Version 4, kisha Properties tena. Kitufe cha Advanced kina sehemu ya Add ya kuongezea anwani, lakini kwanza dirisha hilo linakutaka uache kupokea anwani kutoka kwa ruta na uiandike mwenyewe: anwani ya kwanza, maski, lango, na DNS. Wengi huisahau DNS, kisha hulalamika kwamba intaneti imekatika, ilhali iliyokatika ni njia ya kutafsiri majina ya tovuti tu. Jambo jingine ni kwamba mipangilio hiyo inabaki. Ukiipanga hivyo Wi-Fi ya laptopu yako kisha ukaenda kunywa chai Usita wa Pwani, Wi-Fi ya mkahawa haitakuelewa mpaka urudishe upokeaji wa anwani wa kawaida.

Mfumo wowote uwao, mambo mawili usiyafanyie mzaha. La kwanza ni lango: moja linatosha. Anwani ya pili haihitaji lango lake, kwa sababu unachokitafuta kiko mtaa huohuo. Ukiweka malango mawili kompyuta itakuwa na njia mbili za kwenda duniani na itachagua moja, pengine ile isiyofika popote. La pili ni kutoiba anwani ya mwingine. Windows huuliza kwanza kwenye waya kama anwani unayoitaka ina mwenyewe, na ikiipata imechukuliwa hukuonya. Ile amri ya Linux hapo juu haiulizi, inaweka tu. Vifaa viwili vikiitikia jina moja, pakiti zitakwenda kwa huyu mara hii na kwa yule mara ile, na hakuna hitilafu inayosumbua kuitafuta kama hiyo. Kagua orodha ya vifaa kwenye ruta, kisha chagua nambari iliyo nje ya fungu ambalo ruta yenyewe hugawa.

Na kama bado unaona anwani nyingi ni jambo la mafundi tu, fungua dirisha la amri sasa hivi uandike ipconfig, au "ip address" kwa Linux. Karibu kwa hakika utaona zaidi ya moja, wala hukuziweka wewe. IPv6, yenye anwani za biti 128 badala ya 32 za zamani, inataka kila kadi iwe na anwani ya mtaani inayoanza na fe80, iwe intaneti ipo au haipo. Ruta yako ikiwa inatoa IPv6, kompyuta hujitengenezea nyingine ya kutokea nje, na juu yake anwani za muda zinazobadilishwa kila baada ya kipindi kifupi ili tovuti zisikufuatilie kwa nambari moja mwaka mzima. Wale waliobuni IPv6 hawakuona anwani nyingi kama ujanja wa kando. Walizichukulia kuwa hali ya kawaida.

Kasi haiongezeki, niliseme hili mapema kabla hujaombwa pesa. Anwani mbili kwenye waya mmoja hugawana waya huohuo. Wala huko nje huonekani kama watu wawili. Kwa IPv4 ruta yako bado inatoka na anwani moja ya nje kwa niaba ya nyumba nzima. Faida ziko kwingine: kufikia vifaa vya mitaa tofauti, kuendesha kwenye kompyuta moja seva mbili zinazogombea mlango namba 80, ule unaotumiwa na tovuti, au kuhamisha anwani kutoka mashine iliyokufa kwenda iliyo hai bila watumiaji kubadilisha chochote.

Kuna upande mmoja ambao wenye nyumba za wageni wanapaswa kuujua zaidi kuliko wote. Nimeona ushauri ukitolewa kwamba kamera za usalama ziwekwe kwenye mtaa wake, tuseme 192.168.50, na wageni wabaki 192.168.100, vyote vikiwa swichi moja na ruta moja, halafu ikasemwa kamera ziko salama kwa kuwa mgeni "hayumo mtandao huo". Ukiwa umesoma mpaka hapa, unajua mgeni anahitaji nini: anwani ya pili, na mstari mmoja wa amri. Kutenganisha kwa kweli hufanywa na swichi yenyewe kwa njia ya VLAN, ambapo kila pakiti huwekewa alama na swichi ikakataa kuivusha upande usio wake, au na kile kipengele cha mtandao wa wageni ambacho ruta nyingi za nyumbani zinacho siku hizi lakini huuzwa kikiwa kimezimwa.

Kujaribu ni rahisi. Chukua laptopu, ingia Wi-Fi ile wanayopewa wageni, jiongezee anwani ya mtaa wa kamera, kisha piga ping, yaani amri ya kuuliza kama kifaa kipo, kwa kamera ya mlangoni. Ikijibu, mgeni naye anaifikia, na kinachobaki kumzuia ni neno la siri la kamera tu. Kama bado ni lile lililokuja nayo dukani, anza na hilo leo, VLAN itafuata.