Kabla ya Kuongeza Mbolea, Chunguza Madini Yamekwama Wapi

Mkulima wa kilimo hai anapoona majani ya nyanya zake yakigeuka manjano, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba udongo umechoka, na la pili ni kwenda kuleta samadi. Mara nyingine huwa hajakosea. Hata hivyo, sisi tunaopima udongo na kuchunguza mimea iliyodhoofika hukutana mara kwa mara na hali tofauti: madini yamo udongoni, ila mmea hauwezi kuyafikia. Huenda udongo una tindikali nyingi, maji yanakuja kwa vipindi, madini mengine yamezidi, au mizizi yenyewe inaumwa. Katika hali kama hizo samadi zaidi haiponyi kitu, na wakati mwingine inaongeza madhara.

Mmea unahitaji elementi 17 ili ukue na kukamilisha maisha yake. Kaboni, hidrojeni na oksijeni huzipata kutoka hewani na kwenye maji. 14 zilizobaki hutegemea udongo. Mwaka 1828 mtaalamu wa kilimo wa Ujerumani, Carl Sprengel, alieleza kanuni ambayo baadaye ilienezwa na Justus von Liebig, kwamba ukuaji wa mmea hutawaliwa na kirutubisho kilicho haba kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Maana yake shambani ni nzito: ikiwa kinachokosekana ni boroni, hakuna wingi wa naitrojeni utakaoziba pengo hilo.

Kabla ya kugusa udongo, angalia umanjano umeanzia wapi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu husafiri ndani ya mmea. Zinapopungua, mmea huzitoa kwenye majani makongwe na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo hutangulia kuumia. Kalsiamu, chuma na boroni zikishajengwa ndani ya jani hazihami kwa urahisi, hivyo upungufu wake hujitokeza kwenye majani machanga, vilele na matunda. Upungufu wa naitrojeni hupausha jani lote kwa usawa. Upungufu wa magnesiamu huacha mishipa ya jani ikiwa kijani huku sehemu zilizo kati yake zikigeuka manjano, kwa kuwa magnesiamu ndiyo kiini cha klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani. Sura hiyohiyo ikionekana kwenye majani machanga ya kileleni, shuku chuma. Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini hukauka na kuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa na moto.

Dalili za majani pekee hazitoshi, na hapa ndipo ninapowasihi wakulima wasiwe na haraka. Chimbua mmea mmoja mgonjwa na mmoja mzima kwa koleo, bila kuivuta, kisha suuza mizizi yake taratibu kwenye ndoo ya maji. Mizizi iliyovimba yenyewe kama shanga zilizotungwa imeshambuliwa na minyoofundo, minyoo midogo sana ya udongoni, na mmea wa namna hiyo unaweza kuonyesha njaa ya kila aina ukiwa umesimama kwenye udongo wenye rutuba. Vivimbe hivyo visichanganywe na vinundu vya mikunde, ambavyo vimeshika ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha; ukipasua kinundu kinachofanya kazi utakuta ndani yake rangi ya waridi au nyekundu, ishara kwamba bakteria waliomo wanaikamata naitrojeni ya hewani. Mizizi ya kahawia, laini na yenye harufu ya uvundo inaeleza habari ya maji yaliyotuama, wala si ya mbolea.

Mizizi ikiwa mizima, swali linalofuata ni pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ambacho namba yake ikishuka tindikali huongezeka. Mimea mingi inayolimwa hustawi katika pH ya kati ya 6.0 na 7.0. Tofauti ya namba moja kwenye kipimo hiki ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu udongo wenye pH 5 una tindikali mara 10 zaidi ya wenye pH 6. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na wakati huohuo chuma na alumini huishika fosforasi isipatikane. Ikipanda juu ya 7.5, chuma, zinki na manganizi huwa vigumu kuyeyuka, nayo kalsiamu huifunga fosforasi. Molibdeni peke yake huenda kinyume, kwani hupatikana zaidi kadiri tindikali inavyopungua.

Jambo hili ni muhimu zaidi kwa kilimo hai kuliko kwa kilimo kingine, kwa sababu pembejeo zake nyingi si chumvi zinazoyeyuka papo hapo, bali huhitaji udongo wenyewe uzifungue. Unga wa mwamba wa fosfeti ni mfano mzuri. Katika udongo wenye tindikali huyeyuka polepole na kulisha mimea kwa misimu kadhaa. Katika udongo wenye pH ya juu unaweza kukaa miaka bila msaada wa maana, na mkulima akadhani ameuziwa mchanga. Majivu ya kuni nayo hupandisha pH na kuongeza potasiamu, hivyo yanafaa kwenye udongo wenye tindikali na yanaumiza udongo ambao tayari una chokaa. Anayetaka kalsiamu bila kubadilisha sana pH atumie jasi, yaani madini ya kalsiamu na salfa. Anayetaka kupunguza tindikali na kuongeza magnesiamu kwa pamoja atumie chokaa ya dolomiti, akikumbuka kwamba chokaa huchukua miezi kufanya kazi na kwa hiyo huwekwa mapema kabla ya kupanda. Kujua kama udongo una chokaa ya asili, weka donge kavu kwenye kisosi na ulidondoshee siki: likitoa povu na sauti ya kuchemka, achana na majivu.

Madini pia hushindana mlangoni mwa mzizi. Potasiamu ikizidi, magnesiamu na kalsiamu huingia kwa shida, na ndiyo maana shamba lililomwagiwa majivu mwaka baada ya mwaka linaweza kuonyesha upungufu wa magnesiamu. Samadi ya kuku, ikitumiwa kwa wingi kila msimu ili kupata naitrojeni, huacha nyuma fosforasi ambayo mazao hayakuihitaji. Fosforasi hiyo hurundikana, huweza kuzuia zinki, na hudhoofisha ushirika kati ya mizizi na kuvu wa mikoriza, ambao kwa kawaida huongeza uwezo wa mmea kufikia fosforasi na maji. Naitrojeni nayo ikizidi hutoa majani mengi laini, na majani laini huvuta vidukari.

Kuna upungufu ambao chanzo chake ni maji. Kitako cha nyanya kinapooza na kuwa cheusi kama ngozi, kilichokosekana kwenye tunda ni kalsiamu, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalsiamu hupanda pamoja na maji yanayovutwa na majani, na tunda, kwa kuwa halipumui maji mengi, hupata mgao mdogo. Shamba likikauka siku kadhaa kisha likafurikishwa, mgao huo hukatika wakati tunda linapokua kwa kasi. Matandazo na umwagiliaji wa kiasi kilekile kwa ratiba isiyoyumba husaidia kuliko unga wa maganda ya mayai, ambao huoza polepole mno kuokoa zao lililopo shambani.

Mboji isiyoiva ni mtego mwingine. Vijidudu vinavyoozesha mabaki huhitaji naitrojeni, na vinapopewa unga wa mbao au mabua makavu, ambayo yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, huichukua naitrojeni ya udongo na kuuacha mmea ukiwa na njaa kwa wiki au miezi. Rundo la mboji huanza vizuri likiwa na takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, na likifika nyuzi joto 55 na kuendelea kwa siku kadhaa, huku likigeuzwa ili pande zote zipate joto, vimelea vingi na mbegu nyingi za magugu hufa. Mboji iliyoiva hunuka udongo. Inayonuka amonia bado.

Niseme pia kwamba kibali cha kilimo hai hakimaanishi kitu hakiwezi kudhuru. Shaba hutumika dhidi ya ukungu tangu karne ya 19, haiozi, na hujikusanya kwenye tabaka la juu ambako minyoo ya ardhi huishi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Yote haya hayakisiwi kwa macho, hupimwa. Tembea shambani kwa mstari wa kupindapinda na uchukue udongo sehemu 15 hadi 20, kila mara hadi kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu, njia na mahali palipokuwa na rundo la samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati lililopakwa zinki huharibu kipimo cha zinki. Anika kivulini, toa nusu kilo, andika jina la kipande cha shamba na tarehe. Sehemu inayotofautiana kwa rangi, mteremko au historia ya mazao ipewe sampuli yake, na kipimo cha kurudia baada ya miaka 2 au 3 kichukuliwe katika msimu uleule, kwa kuwa pH na madini hubadilika kati ya kiangazi na masika, na namba za misimu tofauti hazilinganishiki.